Dawa ya Kuokoa Nafsi Isiwe Mbali na Wenye Kuihitaji

Ndugu msomaji, mtu asimamaye ufukoni Ngumbo wakati wa alfajiri huiona mitumbwi ikirejea na usipa, akina mama wakiungojea kwa beseni zao, na watoto wakienda chuoni na misahafu kifuani. Mtu huyo ukimweleza habari za unga, yaani heroini, atakujibu: "Hayo ni mambo ya Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja. Sisi huku tuna muhogo wetu na samaki wetu."

Maneno hayo zamani yalikuwa na kweli nyingi. Leo kweli yake imepungua, na kila mwaka yazidi kupungua. Unga uliingia katika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1980, ukipita baharini katika majahazi yatokayo upande wa Pakistani na Irani. Mwanzo watu walidhani wapita njia tu kwenda Ulaya. Walakini mzigo upitao mlangoni kila siku haukosi kumwaga chembe barazani, na chembe hizo zikaota vijana wetu. Mnamo Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kuwa imekamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini katika mikoa ya Dar es Salaam na Iringa. Tafadhali, msomaji, litazame jina hilo la pili. Iringa haina bahari wala bandari. Iringa ni njia ya kuja kwetu nyanda za kusini.

Na sisi wenyewe tumefunguliwa njia, alhamdulillahi. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay imetiwa lami, na meli ya MV Mbeya II yapita ziwani. Hizo ni neema tulizoziomba kwa miaka mingi. Lakini barabara haimwulizi abiria amebeba nini mfukoni, wala haimwulizi kijana arudiye nyumbani amejifunza nini huko alikokuwa.

Makala hii basi haikuandikwa ili kuwatia watu hofu, wala kuwataja watu kwa ubaya. Yakusudia jambo moja: kueleza namna mtu aliyezidiwa na dawa za jamii ya afyuni anavyokufa, na namna anavyoweza kuokolewa na watu walio karibu naye, ikiwa wana elimu kidogo na dawa moja.

MAUTI YANAYOFANANA NA USINGIZI

Afyuni ni utomvu wa mmea mmoja ambao waganga wameujua tangu kale. Tabibu wetu mkubwa Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alieleza habari zake katika kitabu chake Al-Qanun fi at-Tibb: kwamba yatuliza maumivu na kuleta usingizi, na kwamba yaweza pia kuua. Katika jamii ya afyuni zimo mofini na kodeini, na heroini inayotengenezwa kutokana na mofini, na tena dawa zilizotungwa na wataalamu kama vile pethidini, tramadoli na fentanili. Nyingine ni rehema kubwa zikitumiwa kwa amri ya tabibu. Mgonjwa wa saratani anywaye mofini yake kwa kipimo hatendi dhambi wala si mlevi. Ni mtu anayetibiwa, na asinyimwe dawa yake kwa ajili ya makala hii wala kwa maneno ya majirani.

Lakini dawa zote hizi zina tabia moja. Katika shina la ubongo mna mahali panaposimamia pumzi ya mwanadamu, apumue akiwa macho au akiwa amelala, bila yeye kukumbuka. Dawa hizi huingia mahali pale kama ufunguo katika kufuli. Zikiingia kwa wingi, ubongo husahau kuuamrisha mwili uvute pumzi. Mtu hupumua polepole, kisha kwa nadra, kisha hapumui. Moyo wake huenda ukaendelea kupiga kwa muda, lakini damu haina hewa. Ubongo ukikosa hewa kwa dakika nne au tano huanza kuharibika, na baada ya hapo hufuata mauti.

Haya aghalabu hayatokei kwa ghafla kama risasi. Mara nyingi huchukua dakika nyingi, na pengine saa moja au zaidi tangu dawa kutumiwa. Basi uko wakati. Na mara nyingi wako watu karibu. Wanaokufa kwa njia hii wengi hufa katika nyumba yenye watu, mtu akiwa chumba cha pili, naye hakujua alichokuwa anakisikia.

TUCHUKUE MFANO

Nitatoa mfano. Si kisa cha mtu ninayemjua, wala asiutafute mtu ndani yake. Ni mfano wa mambo yanavyokwenda.

Kijana wa kwetu alikwenda Dar es Salaam kutafuta riziki, akapata kazi ya kubeba mizigo sokoni. Huko maskani akafundishwa kuvuta unga, kisha akawa hawezi kukaa siku moja pasipo kete yake, kwa kuwa akikosa hushikwa na arosto: mwili wote wauma, tumbo lakatika, na jasho lamtoka. Wazazi wake wakapata habari, wakamwita nyumbani. Akaja kabla ya Ramadhani. Akaumwa siku zile za kwanza, mama yake akamwuguza kwa uji na maji ya moto. Kisha akapata nguvu. Akafunga mwezi wote, akasimama katika tarawehe, na watu wakamshukuru Mungu.

Siku ya Idi mosi rafiki wa zamani akafika kutoka mjini, naye alikuwa na kete. Kijana alisema nafsini mwake: mara moja tu, kwa kipimo changu kile cha zamani.

Hapa, ndugu msomaji, ndipo penye hatari ambayo wazazi wengi hawaijui. Mwili wa mtumiaji hujifunza kuistahimili dawa hata hushinda kipimo ambacho kingemwua mtu mwingine. Akiacha, mwili husahau ustahimilivu ule kwa muda wa siku na majuma machache tu. Hamu hubaki, lakini ngao imekwisha kuondoka. Kipimo alichokitumia kila siku mwezi wa Shaabani, katika Shawwal chaweza kumwua. Ndiyo sababu mauti haya huwa mengi kwa watu waliotoka gerezani karibuni, na waliotoka hospitalini, na waliotoka katika nyumba za kuachia dawa, na kila aliyeacha kwa muda kisha akateleza.

Usiku ule mama yake alipita mlangoni, akasikia mkoromo mzito wenye kukwama kwama. Akashukuru kwamba mwanawe amelala vyema baada ya kazi ya Idi. Akamfunika shuka, akaenda zake.

Ule haukuwa usingizi. Mkoromo ule ulikuwa ni pumzi inayokatika. Lau mama yule angalijua, na lau ndani ya nyumba mngalikuwa na dawa ninayotaka kuieleza, asubuhi ya Idi pili isingalikuwa ya kuchimba kaburi.

DAWA YENYEWE

Dawa hiyo yaitwa naloksoni. Ilibuniwa mjini New York na wataalamu wawili, Mozes Lewenstein na Jack Fishman, walioiombea hataza mwaka 1961, na serikali ya Marekani ikaruhusu itumike mwaka 1971. Kazi yake ni nyepesi kuieleza. Tulisema kwamba afyuni huingia katika ubongo kama ufunguo katika kufuli. Naloksoni ni ufunguo unaolipenda kufuli lile zaidi, lakini hauzunguki. Huusukuma nje ufunguo wa afyuni, ukakaa mahali pake, na ubongo ukakumbuka kupumua. Ikichomwa kwa sindano katika msuli wa paja, au ikipulizwa puani, mara nyingi mtu huanza kuvuta pumzi katika muda wa dakika mbili hadi tano.

Dawa hii ina sifa tatu ambazo yafaa kila mzazi azishike.

Kwanza, haimleweshi mtu wala haimzoeshi. Hakuna starehe ndani yake hata chembe.

Pili, aliyezimia kwa sababu nyingine, kama vile kisukari au kifafa, akipewa kwa makosa haimdhuru, ila tu haimsaidii. Basi anayemwona mtu amezimia na kushuku ni unga, asichelewe kwa kuogopa kukosea.

Tatu, nguvu zake ni za muda. Hudumu kwa kiasi cha dakika 30 hadi 90, na afyuni huenda ikawa bado imo mwilini. Kwa hiyo aliyeamka asiachwe peke yake, wala asiruhusiwe kutumia tena, bali apelekwe hospitalini japo anasema amepona. Na ajue mwokozi kwamba mtu huyo aweza kuamka na arosto, akiwa na hasira na matusi badala ya shukrani. Amstahimilie. Hasira ya aliye hai ni bora kuliko ukimya wa maiti.

Liko jambo moja la kusikitisha katika habari za dawa hii. Fishman, mmoja wa wale wawili, alikuwa na mtoto wa kambo, na mtoto yule alikufa kwa kuzidiwa na heroini, hali dawa aliyoibuni baba yake ilikuwa imekwisha kujulikana duniani kwa miaka mingi. Tupate funzo hapa. Kubuni dawa ni jambo moja, na kuifikisha pale mtu anapoanguka ni jambo la pili. Dawa iliyofungiwa kabatini mbali na mgonjwa ni kama kisima katika nchi ya watu wengine.

ELIMU YA DUNIA KATIKA JAMBO HILI

Kwa muda mrefu naloksoni ilikuwa mikononi mwa matabibu peke yao. Mnamo 1996, katika mji wa Chicago, watu waliowahudumia watumiaji wa heroini walianza kuwagawia dawa hiyo watumiaji wenyewe na jamaa zao, na kuwafundisha namna ya kuitumia. Wengi waliwacheka. Lakini watu waliokuwa wakifa wakaanza kuinuka, na miji mingine ikafuata. Scotland ilianza mpango wa nchi nzima mwaka 2011.

Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba watu wote wanaoweza kumwona mtu akizidiwa na afyuni, yaani jamaa, marafiki, wenzi wake na watumishi wa jamii, wapatiwe naloksoni na wafundishwe kuitumia. Na dawa hiyo imo katika orodha ya shirika hilo ya dawa za lazima. Kisha Umoja wa Mataifa ukafanya majaribio makubwa katika Kazakhstan, Kyrgyzstan, Tajikistan na Ukraine, ambako maelfu ya watu wa kawaida walifundishwa na kupewa dawa. Waliomwona mtu akizidiwa, kiasi cha tisa katika kila kumi waliitumia dawa ile, na karibu wote waliopewa waliishi. Wengi wa watu hao hawakuwa matabibu. Walikuwa watumiaji wenyewe, na mama, na ndugu, na majirani. Na huko Marekani, ambako mwaka 2022 peke yake dawa za jamii ya afyuni ziliua watu zaidi ya 80,000, serikali iliruhusu mwezi Machi 2023 kwamba naloksoni ya kupuliza puani iuzwe pasipo cheti cha daktari.

RUVUMA ILIKWISHA KUONYESHA NJIA

Huenda msomaji akasema: "Hayo ni ya Wazungu, sisi tutawezaje?" Namjibu: sisi watu wa Ruvuma ndio tusiostahili kusema hivyo.

Zamani mtu wa kijijini akiugua alikwenda katika duka la dawa baridi, ambalo kwa sheria liliruhusiwa kuuza dawa chache tu, na mwuzaji wake mara nyingi hakufundishwa. Hospitali ilikuwa mbali, na dawa iliyohitajika ilikuwa huko mbali. Mwaka 2003 serikali, kwa kupitia Mamlaka ya Chakula na Dawa ya wakati ule, ilianzisha Duka la Dawa Muhimu. Wauzaji walifundishwa, maduka yakakaguliwa, na baadhi ya dawa zilizokuwa za cheti peke yake zikaruhusiwa kuuzwa humo kwa masharti. Na mkoa wa kwanza uliochaguliwa katika Tanzania nzima ulikuwa mkoa huu wetu wa Ruvuma, wakati ambapo Ngumbo na pwani yote hii ilikuwa bado katika Wilaya ya Mbinga. Jambo lile lilipofaulu likapelekwa katika mikoa mingine yote.

Walioanzisha mpango ule walikabiliwa na swali lile lile: je, mtu asiye tabibu aaminiwe na dawa ya tabibu? Jibu likawa: ndiyo, akifundishwa, akisimamiwa, na dawa ikichaguliwa kwa akili. Basi leo hatusemi kila duka lianze kuuza naloksoni bila ya idhini. Twasema wenye mamlaka waombwe kuifikisha katika zahanati, na kwa wahudumu wa afya wa jamii, ambao mpango wao mpya ulizinduliwa mwaka 2024, na kadiri sheria itakavyoruhusu, katika maduka hayo na katika nyumba zenye mtu aliye katika hatari. Hospitali ya St. Anne's iko Liuli, kusini mwa Ngumbo. Lakini usiku wa mvua, ziwa likiwa na mawimbi, nani atafika huko katika dakika tano?

MASWALI YA WANAOTIA SHAKA

Swali la kwanza: Je, dawa hii haitawafanya vijana wasiogope unga? Twajibu kwamba mvuvi mwenye kuweka boya ndani ya mtumbwi hazamishi mtumbwi wake makusudi. Na tena naloksoni humwamsha mtu kwa kumwingiza katika arosto, jambo ambalo mtumiaji hulichukia kuliko yote. Hakuna atakayejizidishia unga kwa kutamani kuamshwa hivyo.

Swali la pili: Je, si afadhali mtu huyu aachwe, kwa kuwa amejitakia mwenyewe, na kileo ni haramu? Hili ni swali zito, na sisi tulio watu wa dini yatupasa tulijibu kwa dini. Kileo ni haramu, hapana shaka. Lakini wanavyuoni wetu wamehesabu mambo matano ambayo sheria imekuja kuyahifadhi: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Tunauchukia unga kwa kuwa waharibu akili. Basi je, itakuwaje tuilinde akili kwa kuiacha nafsi ipotee? Kila msomaji wetu aijua aya ya 32 ya Sura ya Al-Maida, na thamani ambayo Mwenyezi Mungu ameipa nafsi moja. Mtu anayezama ziwani hatumwulizi kwanza kama alikwenda kuvua au alikwenda kuiba nyavu za wenziwe. Twamtoa majini, maswali yatafuata. Na mwenye dhambi ana mlango wa toba madhali yu hai. Anayemwacha afe, hali aweza kumwokoa, amemfungia mlango huo kwa mkono wake mwenyewe.

Swali la tatu: Je, watu hawa hupona kweli, au twaokoa leo ili wafe kesho? Wako wengi waliopona. Mwezi wa Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuwatibu kwa methadoni, ambayo ni dawa ya kunywa kila siku mbele ya mhudumu, na humwondolea mtu arosto bila ya kumpa ulevi ule wa unga. Baada ya hapo zikafuata Mwananyamala na Temeke, na Unguja huko Kidongo Chekundu mwaka 2015. Na tiba hiyo imefika Mbeya, Mwanza, Dodoma na Tanga. Kenya nayo ilianza mwishoni mwa 2014. Wako waliokuwa wakilala majalalani ambao leo wana kazi, wake na watoto. Kila mmoja wao, kabla ya kufika katika mlango wa kliniki, ilikuwa lazima kwanza awe hai.

Swali la nne: Je, misikiti ina kazi gani katika jambo la hospitali? Tutazame mifano miwili. Mombasa iko jumuiya ya Waislamu iitwayo MEWA, ambayo kwa miaka mingi imeendesha kituo cha kuwatibu watumiaji wa unga, wala haikuona kwamba kazi hiyo ni ya watu wengine. Na huko Kuala Lumpur katika Malaysia, mwaka 2010, Msikiti wa Ar-Rahman ulio jirani na Chuo Kikuu cha Malaya ulikubali kuwa mahali pa kuwapa watu methadoni, pamoja na mafunzo ya sala na nasaha. Watu walioogopa kukaribia msikiti kwa aibu wakawa wanauingia kila siku. Haikuwa ajabu katika historia yetu, kwani hospitali kubwa za Baghdad, Damascus na Cairo zilijengwa kwa mali ya wakfu.

YANAYOPASA KUJULIWA KATIKA KILA NYUMBA

Yafuatayo yafaa yasomwe kwa sauti nyumbani, kijana na mzee wasikie.

Dalili za aliyezidiwa ni hizi: haamki ukimwita kwa jina na kumsugua kwa nguvu mfupa wa kifua, anapumua kwa nadra sana, au anakoroma kwa kukwama, au hapumui, midomo na kucha zake zimegeuka rangi ya majivu au ya bluu, na ukimmulika kwa kurunzi, mboni za macho yake ni ndogo mfano wa kichwa cha sindano.

Ukiziona, fanya hivi. Ita msaada kwa sauti, na mtu mmoja akatafute chombo cha kwendea hospitalini. Mlaze chali, uinue kidevu chake ili njia ya pumzi ifunguke, utoe kilicho kinywani. Ikiwa hapumui au apumua kwa nadra, mbane pua, umpulizie pumzi kinywani, pumzi moja kila baada ya sekunde tano, na utazame kifua kikiinuka. Hili lafanyika hata kama hakuna dawa yoyote, na peke yake limeokoa watu wengi. Ikiwapo naloksoni, mpe kama ulivyofundishwa. Katika paja upande wa nje yaweza kuchomwa hata juu ya nguo. Endelea kumpulizia. Asipopata fahamu baada ya dakika mbili au tatu, mpe tena. Akianza kupumua mlaze ubavu, goti la juu likiwa limekunjwa, ili akitapika asipaliwe. Kaa naye mpaka afike kwa tabibu.

Yasiyofaa ni haya: kummwagia maji, kumpiga makofi, kumlazimisha anywe maziwa au kahawa, na kumwacha alale "mpaka ulevi umtoke". Maziwa katika kinywa cha aliyezimia huingia mapafuni. Na mkoromo ule, akina mama na akina baba, msiufunike shuka.

Wenye dawa za jamii hii nyumbani kwa amri ya daktari, kama mofini ya mgonjwa au tramadoli, wazifungie mahali pa juu pasipofikiwa na watoto, na zilizobaki wazirudishe hospitalini. Wala asimpe mtu jirani yake kidonge cha maumivu alichoandikiwa yeye.

TUFANYE NINI SASA?

Kwanza, tuvunje ukimya. Mama ambaye mwanawe ametumbukia huficha kwa kuogopa maneno ya watu, na ficho hilo ndilo linalomwua mwana. Jirani akijua, atajua pia la kufanya usiku.

Pili, maimamu wetu waseme jambo hili katika hotuba, khasa Ijumaa ya mwisho ya Ramadhani, wawaambie vijana walioacha: umeshinda mwezi mzima, usirudi, na ukiteleza, jua kwamba mwili wako si ule wa zamani, usiwe peke yako.

Tatu, kamati za misikiti na jumuiya za akina mama zimwalike mganga wa zahanati afundishe kupulizia pumzi na kumlaza mtu ubavu. Somo hilo huchukua saa moja, na hufaa pia kwa aliyezama ziwani.

Nne, wazee wetu, pamoja na jirani zetu Wakristo ambao nao wana watoto kama sisi, wawaandikie wakuu wa afya wa wilaya kuuliza: je, naloksoni ipo katika vituo vyetu? Ikiwa haipo, itafika lini? Na wahudumu wa jamii watafundishwa lini? Swali la kijiji kizima halitupwi kwa urahisi kama swali la mtu mmoja.

Tano, kijana aliye katika hatari apelekwe kwenye tiba ya methadoni mapema. Kwa watu wetu wa kusini Mbeya yaweza kuwa karibu kuliko Dar es Salaam.

Ndugu wasomaji, hatuna uwezo wa kuizuia kila kete isifike ufukoni petu. Lakini kati ya kete na kaburi zipo dakika, na Mwenyezi Mungu ametupa elimu ya dakika hizo. Mvuvi wa Ngumbo huitazama kamba yake kabla ya kuingia majini, si kwa kuwa ataka dhoruba, bali kwa kuwa alijua tangu utoto kwamba dhoruba haipigi hodi. Nasi tuitazame kamba yetu mapema. Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, awarudishe waliopotea wakiwa wazima, na awape subira wale ambao asubuhi yao ya Idi iligeuka matanga. Amin.